Aliyebeba Uchovu wa Subilaga

Uchovu hautupwi, hubebwa. Abebaye na abebewaye sharti waonane uso kwa uso, kila mmoja alitaje jina la mwenzake, ndipo vikuku vifungwe. Uliobebwa bila hayo humrudia mwenyewe, wote.

Maneno hayo yalikuwa yamechongwa juu ya lango la Chuo cha Jioni cha Lupando, na hapakuwa na mtu mlimani asiyeyajua. Watoto waliyaimba wakiruka kamba. Subilaga alikuwa amepita chini yake jioni nyingi mno, kikapu cha chai kikiwa bado kimemwachia alama mabegani, akaacha hata kuyatazama, kama mtu asivyotazama kizingiti cha nyumba yake.

Jumamosi moja, siku tisa kabla ya mtihani wa mwisho, wachumaji wa mteremko wa juu walikuwa wamejipanga bandani wakingoja majani yao yapimwe. Mashine zilichuma uwandani. Kule juu, ambako ardhi imesimama kama ukuta, bado palihitajika mikono ya watu. Subilaga alikuwa na umri wa miaka arobaini na moja. Tangu alfajiri alikuwa amechuma kilo thelathini na nne. Mgongo ulimuuma, maana maumivu ni jambo jingine na kikuku hakiyagusi. Lakini ule uzito uingiao mifupani baada ya adhuhuri, umfanyao mtu akitazame kitabu asione herufi, haukuwamo mwilini mwake. Ulikuwa umetoka kwa njia ya kikuku cha mkono wake wa kushoto na kwenda kwa mumewe.

Ndivyo alivyoamini.

"Mama Lusekelo," aliita Tumpale, aliyesimama nyuma yake, "shemeji amerudi na lori?"

"Amerudi jana."

"Nimemwona asubuhi juu ya paa, anapigilia mabati na kupiga mluzi. Ama kweli una mwanamume wa chuma! Wangu mimi alibeba uchovu wa dada yake muhula mmoja tu, akawa anasinzia hata akinyolewa. Kinyozi nusura amkate sikio."

Wanawake walicheka. Tumpale, akiona amesikilizwa, aliongeza sauti.

"Huyu wako anakubeba wewe, anaendesha lori siku nne, anarudi anapanda paa. Hebu tuambie, unampikia nini?"

"Ndizi, kama wewe."

"Basi ndizi zetu hazikutoka shamba moja!"

"Tumpale," alisema mama mmoja mzee bila kugeuka, "funga kinywa. Vumbi la chai litaingia."

Kicheko kikakatika mara moja, chote, kama sufuria iliyofunikwa. Mmoja akainama kufunga kamba ya kikapu iliyokuwa imekwisha kufungwa. Mwingine akaanza kuulizia bei ya chumvi. Tumpale mwenyewe alimtazama Subilaga, kisha akatazama chini, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekanyaga kaburi asilolijua.

Subilaga aliteremka kilima peke yake, akipiga hesabu. Hesabu ndilo somo alilokuwa akilisomea shahada, na shule ya kata ilikuwa haina mwalimu wa hesabu kwa mwaka wa sita. Nafasi ile ingepewa atakayekuwa na shahada ifikapo Julai. Akaweka upande mmoja siku ya mchumaji. Akaongeza siku ya dereva. Akajumlisha. Jumla ile haikuweza kupanda paa na kupiga mluzi.

*

Wataalamu wa kwanza waliogundua namna ya kuutoa uchovu mwilini walidhani wangeweza kuumwaga. Waliumwaga ndani ya mitambo, na kila ambaye wake ulimwagwa hivyo alilala usingizi asiamke. Mwili hauuachii uchovu wake mpaka usikie kwamba kuna mwili mwingine unaoupokea. Kwa hiyo vikuku hufanywa viwili viwili: kimoja huusoma uchovu katika damu ya mwenyewe na kuuzima, na cha pili, hata kikiwa mbali namna gani, huuwasha katika damu ya mbebaji. Vyote viwili hukumbuka kila saa iliyopita ndani yao, wala kumbukumbu hiyo haifutiki.

Kisha ikaja Miaka ya Magodoro. Wenye uwezo walijenga mabanda marefu, wakalaza humo maskini mia kwa mia, wabebe uchovu wa watu wasiowajua. Mabwana wale hawakupata kulala tena, wala kuona sababu ya kuacha kuwafanyisha wengine kazi. Waliolazwa walizeeka bila kuamka sawasawa. Ndipo sheria ikawekwa, na vikuku vikaachiwa jambo moja tu: mtu mzima mwenye dhiki atakaye kusoma, abebwe na mtu anayemjua kwa uso na kwa jina. Walioiweka sheria ile walikuwa wameona kwamba ni rahisi kumchosha mtu usiyemwona.

*

"Shuka," Subilaga alisema.

Andwele alikuwa na misumari mdomoni. "Bado mitatu."

"Baba Lusekelo, shuka."

Alishuka ngazi, akajipangusa mikono, akatabasamu, kisha akaacha kutabasamu. Subilaga aliushika mkono wake wa kushoto na kupandisha mkono wa shati. Kikuku kilikuwapo. Kikuku kinachofanya kazi huwa na joto, kama yai lililotoka sasa hivi chini ya kuku. Hiki kilikuwa baridi kama kijiko.

"Hili ni ganda," alisema.

"Mama Lusekelo, nisikilize."

"Nakusikiliza. Kilicho hai kiko wapi?"

Andwele alikaa juu ya rundo la mabati ya zamani. "Ule mwaka nilipopata kazi ya lori, nilisinzia mara mbili barabarani. Mara ya pili niliamka tairi la mbele likiwa hewani. Nikarudi nikasema nyumbani kwamba nitakwenda chuoni kukuondoa. Mtu mmoja akasema, usimwondoe, nipe mimi. Kuna fundi mmoja wa mpakani alikuwa anajua kuvifungua. Akakifungua, akakifunga kwake. Fundi mwenyewe amekwisha kufa."

"Kwa nani?"

Andwele aligeuza shingo. Alikuwa akitazama upande wa mgomba uliotenganisha nyumba yao na ile ya chini, na Subilaga akafuata macho yake mpaka pale ambapo kwa miaka kumi na tisa macho yake mwenyewe hayakupata kwenda.

"Baba," alisema Andwele. "Ni baba."

Katika ukoo ule, mke wa mwana hamtazami baba mkwe, wala hasemi naye, wala halitamki jina lake. Akimsikia njiani hujifunika khanga na kuingia porini mpaka apite. Si chuki, ni heshima, na Subilaga aliishika bila kosa tangu siku alipoletwa. Kijiji kizima kilikuwa kimemwona mzee akikauka. Yeye peke yake hakuona, na hakuona kwa sababu alikuwa mkwe mwema.

"Muda gani?"

"Miaka miwili na miezi mitano."

"Ana miaka sabini na nane, Andwele."

"Alitaka mwenyewe! Na tungefanyaje? Kanuni inataka muonane na mtajane, na wewe huwezi kumwona wala kumtaja. Tukaona tusikusumbue." Alishusha sauti. "Zimebaki siku tisa. Siku tisa tu, mke wangu. Ukimaliza, tutatafuta njia ya kukifungua polepole."

"Kikuku cha mbebaji hakifunguki polepole. Hufunguliwa ofisini, mbele ya wote wawili, na kumbukumbu husomwa."

"Ndiyo maana nasema siku tisa."

*

Jumapili baada ya ibada aliteremka nyumba ya chini, khanga ikiwa imemfunika mpaka puani. Mama mkwe wake, Mbutolwe, alikuwa uani akichambua maharage. Nyuma ya kitalu cha mianzi, ukuta uliokinga mahali pa mzee, palisikika kikohozi.

"Ugonile, mama."

"Ugonile, mwanangu. Umekuja na uso wa msiba. Wamekuambia."

"Kwa nini hukuniambia wewe?"

"Nilimwambia yeye akuache. Kichwa chake ukikipiga nyundo, nyundo ndiyo itakayoomba radhi." Alitupa haragwe bovu. "Anasinzia akila. Kipupwe kilichopita alisinzia akiota moto, mkono ukaingia kwenye makaa, akaamka nyama inanukia. Akaniambia nisiseme."

"Wewe kuku!" ilisema sauti nyuma ya mianzi, nzito na ya polepole. Kuku mmoja mweupe alikuwa akiparura karibu na kitalu; hivyo ndivyo mzee alivyosema na mkwe wake, kupitia kiumbe chochote kilichokuwa karibu. "Wewe kuku, mwambie huyo bibi yako aache kuchongea watu. Na umwambie binti aliyekuja arudi akasome."

Subilaga alipiga magoti, akageuza uso upande wa ghala, kama ipasavyo.

"Wewe kuku," alisema, "mwulize baba, kwa nini alichukua mzigo usio wake."

"Kuku, mwambie ni wangu. Mwambie, mwaka alioletwa hapa, ilikuja barua ya chuo cha ualimu. Ilisema apokewe. Mwanangu alikuwa radhi. Mimi ndimi niliyesema mke wa mwanangu hatalala bwenini kama mtu asiye na kwao. Barua ile niliitia mfukoni, na baadaye sikujua ilikokwenda. Mwambie nilimwona, miaka yote hii, akipanda kilima na kikapu. Yeye hakuniona, lakini mimi nilimwona." Sauti ilikatika, ikawa mkoromo, na Mbutolwe akagonga ungo kwa kijiti. Mzee akazinduka. "Nilisema nini? Ndiyo. Nimekaribia kumaliza. Zimebaki siku nane. Nikifa ndani yake, nimekufa nikilipa. Asinizuie."

Subilaga hakuwa amejua habari za barua. Miaka kumi na tisa alikuwa amedhani chuo hakikumtaka. Hasira ilimpanda, nayo ikamkuta hana mahali pa kuiweka, kwa sababu mtu wa kukasirikiwa alikuwa akifa kwa ajili yake nyuma ya mianzi.

"Wewe kuku," alisema, na sauti yake haikuwa tena ya mkwe, "mwambie baba kwamba mara ya kwanza aliamua juu ya maisha yangu bila kuniuliza, akaninyima. Mara ya pili ameamua tena bila kuniuliza, akanipa. Mimi ni mtu mzima. Nilikula kiapo chini ya lango lile. Nikiingia darasani na shahada hii, nitawaambia nini watoto? Kwamba jibu likiwa sahihi si kitu jinsi ulivyolipata?"

"Kuku, mwambie watoto hawatajua."

"Mimi nitajua."

"Siku nane!" alisema mzee, na safari hii alimsahau kuku. "Binti yangu, nakusihi. Usinirudishie."

Subilaga alisimama. Mbutolwe akaona kile alichotaka kutenda, akainua mkono, kisha akaushusha juu ya ungo. Subilaga alishusha khanga mabegani, akazunguka kitalu, akatazama.

Alikuwa amekumbuka mtu mrefu mwenye shingo nene, aliyemwona mara moja kabla ya kuolewa. Kwenye kigoda palikuwa na mzee mdogo, ngozi ya rangi ya majivu, kope zimevimba kama za mtoto aliyelia. Mkono wenye kovu ulishikilia gongo ili kichwa kisianguke. Na kikuku, juu ya mfupa mtupu, kilikuwa na joto. Hata kabla ya kukigusa aliona jasho pembeni mwake.

Mzee alifunika uso kwa kiganja.

"Asangalwisye," alisema Subilaga. "Asangalwisye mwana wa Kabuje. Mimi ni Subilaga. Nimekuona."

*

Jumatatu asubuhi Andwele aliwapeleka chuoni kwa lori. Mkwe na baba mkwe walikaa kiti kimoja, na watu walitoka majumbani kutazama. Kaka wa mzee alitema mate kando ya njia. Mbutolwe, aliyekuwa nyuma juu ya mifuko, alimwuliza ameumwa na nini.

Msajili wa Chuo, Bwana Gwamaka, alikuwa mtu wa miaka hamsini aliyevaa sweta katika majira yote. Aliweka vikuku vyote viwili juu ya kisomeo, cha Subilaga na cha mzee, bila kuvivua. Alisoma kwa muda. Kisha alikwenda kufunga mlango.

"Bibi Subilaga, unajua ninachokiona."

"Najua."

"Mimi ndiye niliyekuandikisha. Wewe ndiwe wa kwanza katika darasa lako. Nimeiombea shule ya kata mwalimu wa hesabu wizarani mara sita." Alivua miwani, akaifuta kwa sweta, akaivaa ikiwa chafu zaidi. "Nikilifungua daftari hili sasa, mihula mitano inafutwa. Uchovu wote unakurudia, siku za kazi mia saba na kumi. Haijalishi kwamba mzee amekwisha kuulala; vikuku vinaukumbuka. Mwili haupokei zaidi ya siku kumi kwa siku moja, kwa hiyo utalala zahanati siku sabini na moja. Mtihani ni Jumatatu ijayo."

"Ndiyo."

"Lakini," alisema, akitazama dirishani, "ofisi hii ina mambo mengi. Yawezekana leo sikuwapo. Yawezekana mlinikosa, mkarudi Jumanne ya wiki ijayo. Jumanne, mtihani ukiwa umekwisha, nitasoma yale yale na kutenda yale yale, ila shahada itakuwa imekwisha kuandikwa, na iliyoandikwa haifutwi."

"Msikilize mwalimu," alisema mzee.

Andwele naye alisema, "Mke wangu."

Subilaga alitazama mlango. Ni uongo kusema kwamba watu waadilifu hawajaribiwi. Aliyajua maswali yote ya miaka kumi iliyopita. Aliliona darasa lile, ubao wake, vidole vyenye chaki. Angeweza kuhesabu madawati. Kilichotakiwa kwake ni kutoka mlangoni tu. Hata kusema uongo hakutakiwa kusema.

"Siku saba, binti yangu," mzee aliendelea, "mimi nitakaa tu, nitaka—"

Akalala. Alilala katikati ya neno, kinywa wazi, gongo likaanguka sakafuni kwa kishindo, na kishindo hakikumwamsha. Bwana Gwamaka aliinuka nusu. Andwele alimdaka baba yake begani. Walingoja pumzi yake irudi, na ilichelewa.

Ilipokuja, Subilaga alisema, "Fungua."

"Bibi Subilaga—"

"Fungua daftari, Bwana Gwamaka. Kisha umfungue yeye."

Kikuku cha mzee kiliacha mkono, kikatoka na sehemu ya ngozi. Aliamka muda uo huo, akatazama chumba kama mtu aliyetoka maji marefu. Macho yake yalipata nuru. Akamwona mkwe wake mbele yake, na safari hii hakufunika uso kwa kiganja.

"Umenikatalia deni," alisema.

"Lile la barua ni lako, baba, nami sijui kama lina malipo. Hili lilikuwa langu."

Bwana Gwamaka aligeuza kikuku cha Subilaga, upande wa ndani nje, na kukibana.

Mwanzo Subilaga hakuhisi kitu. Kisha ulikuja. Ulikuja kutoka miguuni, jioni moja juu ya nyingine, mvua za mwaka juzi, mteremko wa juu wakati wa ukungu, vikapu alivyokuwa amekwisha kuvisahau. Alitaka kusema kwamba anaweza kutembea. Andwele alimbeba mpaka zahanati.

*

Jumatatu ya mtihani ilipita naye akiwa amelala. Mara chache aliamka, akakuta uji na Mbutolwe. Alikunywa akiwa amefumba macho. Alisikia mara moja kwamba nafasi ya shule imepewa mtu wa kutoka mbali, na mara nyingine kwamba mzee amepanda kilima mpaka juu kwa miguu yake. Hakujua lipi lilitangulia. Alilia kwa moja na kufurahi kwa jingine, katika usingizi ule ule.

Siku ya sabini na moja, saa nne asubuhi, Bwana Gwamaka alikuja na mkasi wa chuma na karatasi. Subilaga alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amekonda, nywele zimekatwa.

"Adhabu imetimia," alisema msajili. "Sharti nikuulize: unataka kuandikishwa tena? Utaanzia mwaka wa pili."

"Nataka."

"Mbebaji?"

"Hakuna."

Msajili aliinua macho. "Bibi Subilaga, tangu chuo kifunguliwe hakuna mchumaji aliyesoma bila mbebaji. Nitakupa somo moja kwa muhula. Utasoma ukiwa umechoka kila siku. Ni miaka saba."

"Nitakuwa na arobaini na nane."

"Andwele yuko tayari. Ameacha lori, ameniambia mwenyewe."

"Ameniambia mimi pia. Mwache apumzike." Alinyosha mkono. "Kata, Bwana Gwamaka. Nina saa mbili kabla ya zamu ya mchana."

Mkasi ulikata. Kikuku kilianguka juu ya shuka, kikapoa. Subilaga aliisoma ile karatasi yote, mstari kwa mstari, akirudia pale macho yalipoteleza. Palipoandikwa *mhusika amelipa*, akatia sahihi.